Dada Jerusha Mbele ya Hakimu

Obadiah, nimetoka kortini Voi sasa hivi, kwenye kesi ya urithi wa baba, na bado nacheka peke yangu.

Hakimu alimuuliza dada Jerusha, binti wa mke wa kwanza wa baba, kama mimi ni mtoto wa marehemu. Unajua hajanisalimia miaka mingi. Nikajua sehemu yangu ya shamba la baba la Mbololo imeenda.

Akaniangalia weee. Akasema, "Mheshimiwa, tukimzika baba mwaka wa themanini na tatu, huyu alikuwa mdogo. Alimvua maiti kofia yake ya kazi ya reli akaivaa mazishi yote. Mtoto wa jirani angethubutu?"

Kofia, Obadiah. Mbele ya watu wote. Hata hakimu alicheka.

Nimetia sahihi palipoandikwa "mtoto wa marehemu". Kwanza niliyasoma maneno hayo tena na tena, kalamu mkononi, mpaka karani akauliza kama najua kuandika.