Nati ya Kwanza ya Gari la Ndung'u

S.L.P. 2046,
Mwihoko, Ruiru.

14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Muriithi,

Pokea salamu zetu sote wa Mwihoko. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko haijakumaliza. Mgongo unaendeleaje? Bado wanakupa zamu za usiku? Kula chakula, wa maitu, mwana wa mama. Kwenye ile picha uliyotuma umekonda shingo mpaka Maitu akaniuliza huyo ni nani amevaa koti lako.

Sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Ila huzuni imekaa humu ndani kama mpangaji asiyejua kuhama. Goti la Maitu linamsumbua asubuhi, lakini Jumapili bado anafika kanisani kabla ya mchungaji. Becky wa Ndung'u amerudi shuleni. Kule kiwandani Thika wametupunguzia kazi, kwa hivyo siku nyingine napumzika hata kama sijataka kupumzika.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu Idah wa tata, binamu yetu, anasafiri kuja huko, na kwa sababu nyingine pia. Kwenye simu ningelia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, nawe ungeanza kufoka, tungekata bila kuelewana. Najua hasira zako, tumezipata kwa baba mmoja.

Jambo lenyewe ni Landrova ya Ndung'u. Siku ya mazishi tulikuwekea simu kwa spika pale kaburini, ukasema mbele ya watu kwamba gari la ndugu yetu lisiguswe mpaka uje uliendeshe wewe mwenyewe. Nikakuahidi, na Ndunge, mjane wake, akakuahidi. Sasa limeguswa. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Tangu tumzike, Ndunge alikuwa akiliosha gari lile kila Jumamosi. Haliendi mahali, lakini linaoshwa hadi chini ya madigadi. Jioni alikuwa akiingia, anakaa kiti cha abiria, kile chake, na mlango anafunga. Sikumwuliza anafanya nini humo. Mjane akipata mahali pa kulilia, mwachie.

Kilichokuwa kinamchoma ni wale watu wa klabu. Wewe unawajua, wale wa magari ya matope. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanatandika turubai kwa Njau, mwenyekiti wao, kule Kahawa Sukari, na kumwaga spea kuukuu: shoki, winchi, springi, tairi zilizokwisha nusu. Kisha wanaume wazima wanabembelezana juu ya bampa kama wazee walio kwenye ruracio wakipatana mahari. Ndung'u alikuwa akienda na jeki anarudi na taa. Siku moja alirudi bila kiti cha nyuma, akamwambia Ndunge eti amepata faida.

Hao hao walibeba jeneza, wakachimba, wakaimba. Halafu kimya. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga kwake tena. Ndunge aliniambia, "Dada, kumbe walikuwa wanapenda gari tu." Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahesabu kuwa watu bure.

Mwezi wa nane nilienda Ngoliba kutafuta ndengu, nikasema nipitie kwa Urbanus. Unamkumbuka Urbanus, yule rafiki wa Ndung'u wa klabu anayebeba nyanya zake na za majirani kwa Landrova ya kijani kupeleka soko la Githurai. Nilitaka aniambie uso kwa uso kwa nini walitutupa. Nilikuwa nimeanza kunoa ulimi tangu Ruiru.

Ulimi wenyewe ulikwama. Gari la Urbanus lilikuwa juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yametolewa, kuku wamelala chini yake. Kando ya ua kulikuwa na makreti ya nyanya zilizooza, na harufu yake huwezi kuikosea. Mkewe Mutheu alinipa uji, akaketi, na mambo yakamtoka.

Mwaka jana giaboksi ya Ndung'u ilipokufa, Urbanus alimpa yake ya akiba. Ndung'u akasema mbele ya wanachama wote kwamba siku difu ya Urbanus, ile ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, itakapoisha, Urbanus aje achukue ya kwake Ndung'u. Kwa klabu yao hiyo inatosha. Hawaandiki, hawashikani mikono, neno likisemwa kwa turubai limesemwa. Basi difu ya nyuma ya Urbanus ilivunjika Ndung'u akiwa wodini. Angeombaje difu kwa mtu aliye na mipira puani? Akanyamaza. Ndung'u akafa, akanyamaza zaidi.

Mutheu aliniambia, "Hii gari ndiyo hutulisha. Watoto wako nyumbani, hawajarudi shule. Lakini ukimwambia aende aulize, anakasirika." Urbanus alikuwa mlangoni akitazama chini. Akasema, "Wachana na hiyo maneno, Mutheu. Watu wamezika juzi." Muriithi, nilitamani ardhi inimeze pamoja na ndengu zangu.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilishukia Kahawa Sukari nikaenda kwa Njau, nikamwuliza bila hata kuketi. Yeye ndiye aliyewakataza watu wake kuja kwetu. Alinieleza, "Dada, tuliona shemeji amelia mpaka amekauka. Nikaambia wasee hakuna mtu kukanyaga pale. Si unajua vile tuko? Mtu akituona kwa geti atasema fisi wamefikia spea." Nikamwambia wangekuja tu kunywa chai. Alinitazama kama mtu aliyesikia jambo geni kabisa. Ngai! Wanaume hawa hawajui kutembelea mtu bila spana mkononi. Walinyamaza kwa heshima, na heshima yao ikamwumiza Ndunge kuliko matusi.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Gari la mwanachama haliguswi mpaka mwenyewe afungue nati ya kwanza kwa mkono wake. Hata akiwa ameliuza lote, ni lazima aanze yeye. Akifa, anaanza mtu wa nyumba yake, na mtu huyo haombwi. Anangojewa. Kwa hivyo Urbanus angekaa juu ya yale mawe mpaka azeeke.

Nilimweleza Ndunge siku hiyo hiyo, tukiwa jikoni. Nilimweleza yote, pamoja na zile nyanya. Sikumwambia afanye nini. Nilijua ahadi tuliyokupa, na nilijua kiti kile cha abiria. Aliendelea kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Halafu akasema, "Baba Becky hakuwa mtu wa maneno mawili." Akaanza kulia, na mimi nikalia, na Maitu akaja na fimbo yake kuuliza nani tena amekufa.

Asubuhi akanituma kwa Njau. Walikuja Jumamosi, Njau na wenzake, na Urbanus nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kuomba msamaha. Walisimama wakitazama miti. Ndunge alitoka na aproni yake, akauliza, "Ni ipi?" Njau akamwonyesha nati ya gurudumu la nyuma, akampa spana. Ilikuwa imeshika kutu. Akavuta, ikakataa. Njau akanyoosha mkono amsaidie, Ndunge akamwambia, "Wacha." Alipanda juu ya ile spana kwa mguu, akashika bodi ya gari kwa mikono miwili, akajitupa na uzito wake wote. Ikalia, ikalegea.

Akamrudishia Njau spana, akaingia ndani kuwapikia. Mimi nilibaki pale. Sitakuficha, iliniuma kuwaona wakilala chini ya gari la ndugu yangu, wakitoa kipande chake. Nilihisi kama tunamzika tena, na safari hii bila nyimbo. Walimaliza, wakala muthokoi wa mahindi na maharagwe, na mmoja mmoja wakaanza kumzungumzia Ndung'u. Ndunge alicheka mara moja. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa tano.

Kwa hivyo ukija Krismasi, gari utalikuta juu ya mawe. Vingine vyote vipo, hakuna aliyegusa hata kioo. Njau anasema watatafuta difu nyingine, lakini Ndunge hajasema ndiyo wala la. Naelewa kwamba hukupata kumwona ndugu yetu akiugua, hukupata kumzika, na gari hili ndilo lililokuwa limekubakia. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ndunge mwache.

Lakini kuna jambo moja nataka ulijue. Jumatano ya kwanza ya mwezi huu nilikuwa kwake tukikata sukuma wiki. Difu ya Ndung'u ilikuwa na kilio chake, wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka kwamba amefuga mbwa mgonjwa chini ya gari. Basi tukakisikia kwenye kona ya duka. Kilikuwa kile kile, kinapanda, kinakaribia. Kabla sijafungua mdomo, Ndunge alikuwa ameshainuka. Alitoka mbio akijipangusa mikono, akafungua geti, bawa hili na hili, wazi kabisa, kama alivyokuwa akifanya kila jioni. Akasimama kando kumpisha.

Likatokea gari la kijani.

Muriithi, sitaki kuuona tena uso ule. Urbanus alisimamisha gari, akaona geti lilivyo wazi, akaelewa. Alikuwa ametuletea kreti ya nyanya za kwanza. Alishuka, akavua kofia, akasema, "Pole, dada. Sikufikiria. Nitakuwa natumia ile barabara ya juu."

Ndunge alikuwa bado ameshika geti. Akamwambia, "Hapana. Uwe unapita hapa."

Siku za soko anapita. Ndunge hatoki tena, lakini huweka kisu chini mpaka sauti ipotee upande wa Githurai, ndipo anaendelea kukata.

Maitu anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Ndunge anakusalimu, Becky pia, na Njau na watu wake wa matope. Tusalimie mkeo Emmaculate na umbusu mtoto. Mungu aliyemchukua mmoja wetu akulinde wewe uliye mbali, akurudishe tukuone kwa macho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Nyawira