Kadi ya Pili ya Neno "Leme"

Jumatatu, 2 Februari 1903
Barua kutoka kwa mhariri wa kamusi. Neno "leme" – mng'ao – atalitia kijimsalaba, alama ya maneno yaliyokufa, nisipompata mtu hata mmoja anayelisema mpaka leo. Wawili ni bora, kila mmoja na kadi yake: jina, umri, na kwamba yu hai. Siku kumi tu! Neno la kale, la kabla Wanormani hawajatutawala sisi Waingereza; Waisilandi wanalo ndugu yake mpaka sasa. Washairi walilitumia kwa nyota, kwa panga, kwa moto. Eti limekufa? Hapa Teesdale, bondeni kwetu? Upuuzi!

Jumatano, 4 Februari
Baada ya shule, kwa Bi Tamar Raine, mjane wa mchimba madini. Kifua kimembana vibaya. Nikamwonyesha mwanga wa moto ukicheza darini – huu anauitaje? Akacheka mpaka akakohoa. "Leme, mwanangu. Kwani nyie wasomi mnauitaje?" Nikaandika kadi palepale. Furaha iliyoje! Binti yake, Keziah, alikuwa anamfuta mama damu mdomoni. Mimi nikamwomba wino.

Jumamosi, 7 Februari
Bi Tamar amefariki. Nimelia kweli. Kisha nikawaza kadi yangu – mhariri anataka walio hai. Najichukia.

Jumanne, 10 Februari
Tumemzika kwenye theluji. Watu walipotawanyika nikamfuata Keziah jikoni, akisuuza vikombe. Nikamwambia amebaki yeye tu anayelijua "leme".
"Silijui, mwalimu."
"Unalijua, Keziah. Umelelewa nalo."
Hapo ndipo aliponigeukia. "Nilikuwa na miaka saba. Nilisema dirisha la darasa lina leme. Ulinichapa sita, ukasema hayo ni maneno ya zizini. Mama alinikanda mikono kwa siagi. Umesahau?"
Nimesahau! Nimewachapa wengi mno kwa kusema kikwao, miaka ishirini na sita, nikidhani nawafungulia njia. Nikamwomba radhi. Halafu – Mungu anisamehe – nikamwambia kesho kutwa ndiyo mwisho.
"Jina langu usiliandike. Na hilo neno liache lilale na mama."
Akanifungulia mlango.
Nimefika nyumbani na viatu vimelowa. Kadi tupu iko mezani. Posta inafungwa saa kumi. Lakini amelisema! Katika kunikatalia, amelisema, nami nimelisikia kwa masikio yangu. Si uongo. Nachovya kalamu. Keziah Raine, miaka thelathini na mitatu, yu hai –