Pumzi ya Tatu

Baba,

Jumamosi tumeanua matanga. Nakuandikia kabla sijarudi kwenye bani la kukaushia tumbaku.

Siku tuliyokuzika, Baba Mdogo alilegeza nyuzi zote nane za inanga yako, akaitundika ukutani. Alisema nyumba yenye msiba haipigwi inanga. Sikubisha, ila niliogopa. Ule wimbo wa bibi uliokuja nao kutoka Burundi hadi hapa Katumba, hakuna aliyeuandika. Ulibaki kichwani mwangu tu, na ulikuwa bado haujakaa sawasawa. Niliona matanga yakiisha utakuwa umeshanitoka.

Ndipo nikakumbuka ule ubao wa jikoni. Mwaka mzima ulininyima inanga, ukanipigisha ubao usio na uzi hata mmoja. Shangazi akipita anacheka, "Huyu anawapigia viroboto ngoma?" Nawe bila kuinua kichwa, "Mwache. Anasikia." Mimi nilidhani unanionea. Nikifika pale wimbo unaponyamaza naharakisha, unanishika mkono: "Wakimbilia wapi? Basi la Mpanda limeshaondoka. Hesabu pumzi tatu, ndiyo uendelee."

Basi siku zote za msiba nimepiga hivyo. Nikifunga majani ya tumbaku kwenye fito, vidole vinatembea juu yake. Kanisani, juu ya goti. Nikikosea narudi mwanzo, kama ulivyotaka, hata siku ambazo machozi yalinizuia kuona fito zenyewe. Hakuna aliyesikia kitu.

Jumamosi Baba Mdogo akanikabidhi inanga. Nilichelewa sana kukaza nyuzi. Nikapiga. Wimbo ulikuwepo, Baba. Wote. Ila nilipofika pale pa kunyamaza nikahesabu moja, mbili, nikakwama. Nilikuwa nangoja mkono wako.

Mama hajawahi kugusa inanga, unajua. Tangu asubuhi alikuwa ameketi mlangoni. Akasema taratibu, kutoka pale mlangoni, "Tatu."

Nikaendelea hadi mwisho.

Mdogo wangu Konsolata ameanza kuizungukazunguka inanga. Nimempa ubao. Amenuna kama nilivyonuna mimi, na sitamhurumia kabla mwaka haujaisha.

Pumzika, Baba. Pale pa kunyamaza nitanyamaza, kila mara, pumzi zote tatu.

Mwanao,
Spesioza