Leso Moja kwa Kila Nyumba

Mtongwe, Jumatano

Athumani wangu,

Leo msaada wa mafuriko umefika: leso zilizotengenezwa Uhindi, zikanunuliwa Ulaya. Bibi wa shirika akazitenganisha jozi, kipande kimoja kila nyumba. Eti ndiyo amri ya ng'ambo.

"Mwanangu, leso ni mbili!" nikamwambia. "Hii nikijifunga kiunoni, kichwani nivae sufuria?"

Nilihofia hitima yako ya Ijumaa, maana maji yalichukua nguo zangu zote. Kumbe kipande cha pili kimemwangukia jirani yetu, Mama Kadzo.

"Ijumaa vaa zote wewe, Jumapili nitakwenda nazo kanisani," akasema. "Lakini ole wako uzimwagie mchuzi!"

Nikacheka, kisha nikalia kidogo.

Ijumaa ukituona, mimi ndiye mwenye leso kamili. Nikumbuke.