Nondo wa Malkia

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia ua. Nimechemsha chai ya tangawizi. Mimi siipendi tangawizi. Mkono unaitia wenyewe, kwa mazoea ya kumpikia marehemu mume wangu. Eda inakaribia kwisha.

Bi Tatu wa kikundi cha ushonaji alikuja na vitambaa nimsaidie kupindia. Akaomba tena hadithi ya malkia wa Wajapani, aliyekuwapo nchi yao ilipokuwa inabadilika. Mume wangu alikuwa dereva wa mhandisi wa Kijapani, akaipata kwake. Jioni alikuwa akinisimulia mimi. Zamani hizo wanawake wa heshima kule walipaka meno rangi nyeusi. Malkia akaacha. Wenzake wakafuata. Marehemu akifika hapo alikuwa akinionyesha meno yake yote.

Jumatano, 6 Agosti
Bi Tatu anataka niisimulie hadithi kwenye mahafali ya wasichana wake wa ushonaji, siku moja baada ya kutoka eda. Nimesema nitafikiri. Naogopa. Niliishia darasa la saba.

Lakini malkia naye alikulia ndani, nyuma ya mapazia. Akatoka. Akaenda kwenye shule za wasichana, akakaa, akasikiliza. Vita vilipokuja alitengeneza bendeji kwa mikono yake, akatembelea majeruhi. Mwanamke wa namna ile.

Na hakuzaa. Mtoto wa mwanamke mwingine akafanywa wake, akaja kuwa mfalme. Hapo marehemu alikuwa anapunguza sauti. Hamisi, mtoto wa marehemu, si wa tumbo langu. Hapa Mbwawa kila mtu ananiita Mama Hamisi.

Jumamosi, 9 Agosti
Shemeji Athumani amefika kutoka Mzenga. Kasimama barazani, mimi ndani nyuma ya pazia. Chai kakataa. Amesikia nimeagiza nondo. Kwamba najenga kasri kwenye kiwanja cha kaka yake, eda haijaisha. Kwamba nina bwana.

Amesema nikionekana kwenye mahafali, ukoo utakaa kikao kunijadili. Akaondoka.

Miaka yote ile na kaka yake. Nina bwana.

Jumapili, 10 Agosti
Sijala. Bi Tatu kaja, nikamweleza, akacheka mpaka akashika ukuta. Jirani alitusikia ng'ambo ya ua, maneno yakafika Mzenga. Malkia, kasri, nondo. Nondo gani tena kama si za zege?

Mimi sikucheka. Malkia alifuga viwavi wa hariri ndani ya kasri. Akawalisha majani ya mforosadi, mpaka wakawa nondo. Mke wa mfalme, mikono kwenye wadudu. Alitaka watu waione kazi ile ni ya heshima, maana hariri ndiyo iliyoiletea nchi fedha za kigeni. Hadithi safi kama hii imegeuzwa matope.

Nikikaa ndani nitakuwa nimekubali. Nitakwenda. Kikao na kikae.

Alhamisi, 14 Agosti
Jana wanawake wamenitoa eda. Maji, kanga mpya, dua.

Leo nimesimama mbele za watu. Nikaishika meza. Nikasema meno. Nikasema shule, bendeji. Wasichana wanasikiliza. Nilipofika kwenye kasri nikamwona shemeji mlangoni, baraghashia mkononi, uso umekunjwa. Nikamtazama yeye. Nikasema polepole:

"Malkia alifuga nondo. Nondo wenye mabawa."

Shemeji akacheka. Kicheko cha marehemu kilekile, kinaanzia puani. Sijakisikia tangu alipofariki. Wenzake wakafuata, ukumbi mzima. Nikawangoja wamalize, nikaendelea na hariri mpaka mwisho.

Nimelia nyumbani. Si vibaya.

Ijumaa, 15 Agosti
Shemeji amelala kwa Hamisi. Asubuhi amekuja kuniaga kabla ya kurudi Mzenga. Ameketi barazani, nami barazani.

"Nisamehe, shemeji. Mimi nilisikia chuma."

Nimemsamehe. Akauliza kama mforosadi, ule mti wa viwavi, utakubali udongo wa kwao. Sijui. Tujaribu.

Kaonja chai. Kasema tangawizi ni kidogo. Nimeongeza. Ameimaliza birika.