Koo la Maeve Liliwasha, Nikaandika "Hakuna"

Mpendwa Shangazi Glenys, nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya hospitali, nisaidie, maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Binti yangu Maeve ana miaka tisa na tangu akiwa mchanga karanga ingeweza kumuua, hata chembe iliyobaki kwenye kisu, kwa hiyo alipopokelewa kwenye utafiti wa kuuzoesha mwili wake karanga nilimshukuru Mungu, kila asubuhi namtilia unga wa karanga kidogo kwenye uji, kila wiki mbili kipimo kinapanda, nami najaza daftari, amevimba, amekohoa, koo limewasha? Mwezi wa tatu akaanza, "Mama, koo linawasha." Nikamjibu, "Maliza uji, utachelewa shule." Kwenye daftari nikaandika hakuna, kwa sababu kuna msichana aliondolewa kwenye utafiti kwa dalili hizohizo, nikaogopa, na nikaendelea kumpa unga na kuandika hakuna hata wiki ile pumu ilipombana, na Kirsten, muuguzi wa utafiti, alishanionya, akibanwa kifua usimpe kabisa.

Jumanne alianguka akicheza mpira wa pete, mwalimu akamchoma sindano mbili za dharura, siku tatu alipumulia mashine, sasa amezinduka lakini anasahau maneno, jana kijiko alikiita "kile." Kirsten alilia mbele yetu, "Mimi ndiye niliyempandishia kipimo," mume wangu Callum akamfokea, "Umeniharibia mtoto!" nami nikanyamaza. Daktari akamuuliza Maeve, "Siku za nyuma ulisikia chochote kooni?" Akanitazama, akasema, "Hapana." Shangazi, mwanangu anadanganya kwa ajili yangu, na nikisema ukweli Callum ataniacha. Nifanyeje?

Mama Maeve, Ballarat

Mama Maeve,

Barua yako sikuiacha ingoje gazeti la Jumamosi. Nilikupigia simu siku ileile, na wasomaji wajue kwa nini: kuna watoto wengine kumi na mmoja wanaopandishiwa kipimo kwa kutegemea madaftari, likiwemo lako. Uliniomba wiki moja. Nikakwambia, "Una saa moja, kisha naipigia hospitali mimi." Ulinitukana, ukakata simu, ukampigia Kirsten. Dozi za watoto wote zimesimamishwa. Umefanya vyema, ila umechelewa, na kuchelewa huko unakuona mwenyewe kitandani kwa Maeve.

Najua ulichokuwa unakitaka. Ulitaka siku moja aende sherehe ya mwenzake ale keki bila wewe kusimama mlangoni na sindano. Sikucheki kwa hilo. Lakini mtoto alikuambia kwa mdomo wake, tena si mara moja, nawe ukasikiliza hamu yako.

Callum mwambie leo, wewe mwenyewe, kabla hospitali haijamwita. Usitangulize machozi, tangulize daftari. Mwambie pia amtake radhi yule muuguzi. Huenda akaondoka, siwezi kukuahidi vinginevyo, na hilo si sababu ya kunyamaza.

Kisha nenda kwa Maeve. Mwambie, "Uliniambia koo linawasha, nikapuuza. Kosa ni langu, si lako. Mwambie daktari kila kitu." Halafu toka chumbani, ufunge mlango, daktari amuulize tena akiwa hana wa kumtazama.

Glenys