Mchanga kwenye Oili ya Saidi

Rahaleo, Jumapili, Februari 1972. Jua kali tangu asubuhi. Mvua imetuahidi wiki nzima na haijaja, na moyo wangu haujatulia.

Leo nimegundua kwamba nimemwonea mtu.

Mwezi uliopita Landrova ya idara, ile inayokwenda Kilambo, ilianza kula oili. Mimi ndiye fundi mkuu wa karakana, nikataka kujua sababu kabla ya kufungua injini. Nikakinga oili chafu kwenye chupa, nikaituma maabara Dar es Salaam ikapimwe. Wenzangu walicheka, wakaniuliza kama gari nalo lina kichocho.

Majibu yalikuja Ijumaa: mchanga, tena mwingi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mchanga ukiwamo kwenye oili, maana yake vumbi linapenya kwenye chujio la hewa, na kulisafisha chujio ni kazi ya dereva. Dereva ni Saidi. Aliapa kwamba analisafisha kila akirudi safari. Nikamwambia karatasi haisemi uongo. Jana mkuu wa idara akamsimamisha kazi.

Sikumwuliza hata swali la pili. Miaka kumi nimepima injini kwa sikio na pua. Safari hii nilikuwa na sayansi mfukoni, nikavimba kichwa.

Leo baada ya ibada nilikuwa barazani naisoma ile karatasi kwa mara ya nne. Mke wangu, Mama Tumaini, alikuwa uani anaosha chupa za kutilia mafuta ya nazi. Akatia mchanga kidogo, akatia maji, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa. Chupa za mdomo mwembamba zinaoshwa hivyo kila nyumba hapa mtaani.

Nikamwuliza ile chupa ya oili, aliyonioshea mwezi uliopita, aliioshaje.

"Kama hivi, Baba Tumaini. Ulitaka niisugue kwa pamba?"

"Ukaisuuza?"

"Mara moja tu. Si ulikuwa umesimama hapo mlangoni unanihimiza, posta inafungwa?"

Karatasi haikusema uongo. Mchanga ulikuwamo, ila ulitoka uani kwangu.

Labda na wa injini umo. Sijui, wala hakuna anayejua, na mtu amekosa kazi kwa jambo lisilojulikana. Nikachukua baiskeli nikaenda Chuno.

Nilimkuta Saidi anamenya muhogo. Nikamweleza yote bila kuficha. Aliumaliza ule aliokuwa ameushika ndipo akanitazama.

"Fundi, hapa umenikuta peke yangu. Jana ulinisema madereva wote wamesimama. Wanangu wameshaulizwa huko nje kama baba yao kaharibu gari la serikali."

Nikamwambia kesho nitamwendea mkuu.

"Mkuu mwendee. Na wenzangu je?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga kuongea na mkuu ofisini, mlango umefungwa, mambo yaishe kimyakimya. Kumbe aibu yake niliimwaga hadharani na yangu nataka kuifunika kawa.

Nikamwambia aje kesho kazini kama kawaida.

Nitakinga oili nyingine mbele yake, kwenye chupa nitakayoichemsha na kuisuuza mwenyewe mpaka nichoke. Majibu yakija, bahasha ataifungua yeye. Yakionyesha mchanga tena, tutalifungua lile chujio pamoja na nitamsikiliza kwanza.

Lakini kabla ya hayo yote, saa moja na nusu asubuhi, madereva wakiwa wamejipanga kusubiri funguo, nitasimama mbele yao niseme kosa ni langu. Naogopa, sifichi.

Nitasema kwa sauti, ili na wa nyuma kabisa asikie.